Kamera Yaona Mchana, Usiku Yapofuka: Mwongozo Kamili wa Kupata Picha Safi Gizani

Kamera nyingi za ulinzi ninazoitiwa hapa Busia, Uganda, hazijaharibika. Mwenye duka ananipigia alfajiri na hasira zake: pikipiki imeibwa uani, kamera ilikuwa inawaka usiku kucha, lakini akifungua rekodi anakuta ukungu mweupe na kivuli kikipita katikati. Napanda ngazi, napitisha kitambaa mbele ya lenzi, na kinachobaki kwenye kitambaa ni utando wa buibui. Kamera nzima. Mashine ya kurekodi nzima. Pikipiki haipo.

Chanzo cha mambo haya ni kimoja. Kamera hufungwa saa nane mchana, fundi hulipwa saa kumi, na hakuna anayerudi saa tatu usiku kuona imeona nini. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyoandikwa hapa inafanywa gizani. Tafuta simu yenye chaji, ngazi imara, kitambaa laini, mita ya kupimia volti, na mtu mmoja wa kutembeatembea uani. Mwambie askari wa zamu mapema. Mtu aliye juu ya ngazi usiku, uso ukutani, hana maelezo mazuri.

Kwanza ijue tochi yako

Kamera ya infraredi ni mtu mwenye tochi iliyofungwa kwenye paji la uso. Ukilishika hilo, nusu ya kazi umeshaimaliza. Vile vitaa vidogo vilivyoizunguka lenzi hutoa mwanga ambao jicho letu haliuoni lakini sensa ya silikoni ndani ya kamera inauona vizuri. Mchana kuna kioo chembamba, filta, kinachokaa mbele ya sensa kuuzuia mwanga huo ili rangi zisiharibike. Giza likiingia filta husogezwa pembeni, ukiwa karibu utasikia "tik", kisha taa huwaka na picha hugeuka nyeusi na nyeupe.

Taa hizo ni za aina mbili. Za nanomita 850 huonyesha wekundu hafifu ukizitazama moja kwa moja, kama makaa yanayofifia. Za nanomita 940 hazionekani kabisa, lakini sensa nyingi huuona mwanga huo kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo kwa nguvu ileile ya umeme hazifiki mbali kama za kwanza. Kwa ua wa nyumba au stoo mimi huchagua 850 bila kusita. Mwizi akiona vidoa vyekundu akageuza njia, mimi sina hasara.

Jambo la pili: mwanga ukienda mbali mara mbili, unaopiga kitu kimoja hubaki robo tu. Mtu aliye mita 20 anapata robo ya mwanga anaoupata aliye mita 10. Ndiyo maana boksi lililoandikwa mita 30 linakudanganya bila kusema uongo. Kwa mita 30 utaona kwamba kuna kitu kinasogea. Uso ni habari nyingine. Mimi nikisoma namba hiyo huigawanya kwa mbili, na wakati mwingine kwa tatu.

Halafu kuna jiografia yetu. Sisi tuko karibu na ikweta, giza huingia haraka na usiku una takriban saa 12 mwaka mzima. Taa za kamera yako zinafanya kazi zaidi ya saa 4,000 kwa mwaka, na LED hufifia kadiri inavyotumika, hasa ikiwa na joto la bati juu yake. Kamera ya miaka mitano iliyokuwa ikiona geti na sasa haioni inaweza kuwa imezeeka tu.

Hatua ya 1: Hakikisha taa zinawaka

Washa kamera ya mbele ya simu yako, ile ya kujipigia picha, uielekeze kwenye kamera ya ulinzi gizani. Simu nyingi zitakuonyesha vitaa vikiwaka kwa rangi ya zambarau au nyeupe. Ijaribu kwanza simu yenyewe kwa rimoti ya televisheni: bonyeza kitufe, na ukiona kitaa cha mbele kikimweka, simu yako inafaa kwa kazi hii.

Kama taa zote zimelala, funika kwa kidole kile kijicho kidogo cha kupimia mwanga kilicho karibu na lenzi. Zikiwaka hapohapo, basi kuna taa ya barazani au ya jirani inayoidanganya kamera kwamba bado ni mchana. Zisipowaka, ingia kwenye menyu uone kama kuna mtu aliiweka kwenye hali ya mchana tu. Hilo hutokea zaidi kuliko unavyofikiri, watoto wakishika rimoti.

Taa zikiwaka lakini picha ni nyeusi tititi, mshuku filta iliyokwama. Dalili yake nyingine huonekana mchana: majani ya migomba yanakuwa ya waridi au zambarau badala ya kijani. Lazimisha mchana na usiku mara kadhaa kwenye menyu huku ukisikiliza ile "tik". Kimya kikiendelea, gonga mwili wa kamera taratibu kwa ncha ya kidole. Wakati mwingine huachia. Ikikwama tena wiki ijayo, badilisha kamera.

Hatua ya 2: Ufuate mwanga unaorudi

Hapa ndipo kazi ilipo. Aliyewahi kuendesha gari kwenye ukungu wa Kabale alfajiri anajua: ukiwasha taa kamili, unaona ukuta mweupe badala ya barabara. Kitu chochote kilicho karibu na lenzi kinapigwa na mwanga mkali kuliko kilicho mbali, na kamera, ikiona weupe huo, hujipunguza ili isipofuke. Geti lililo mita 15 linazama gizani kwa sababu ya uzi wa buibui ulio sentimita 10.

Simama mbele ya skrini usiku na uitazame picha kama ramani. Weupe uko upande gani?

Ukiwa juu, ni ukingo wa paa, mfereji wa maji au mbao ya dari. Kamera imesogezwa ndani mno chini ya mabati ili isinyeshewe, na sasa inaangaza dari. Ishushe au isogeze mbele mpaka ukingo utoke kabisa kwenye picha. Kusogea sentimita 20 kumewahi kunitengenezea kamera tatu za nyumba moja bila kununua kitu.

Ukiwa pembeni, ni ukuta. Kuta zetu tunapenda kuzipaka nyeupe au krimu, na ukuta wa namna hiyo ulio nusu mita kutoka kwenye kamera ni kioo. Geuza kamera ikae nyuzi chache mbali na ukuta. Usipoweza, paka kipande hicho rangi nyeusi isiyong'aa, kisha kitazame usiku, kwani kuna rangi nyeusi ambazo chini ya infraredi hubaki za kijivu.

Ukiwa chini au umetapakaa kama mabaka, angalia mimea. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi mno, ndiyo maana usiku mgomba huonekana kama umepakwa chokaa. Mgomba ulio mita 2 mbele ya kamera utaila picha yote, na upepo ukivuma utakuletea ujumbe wa hatari kwenye simu mara arobaini kwa usiku. Mama mmoja mteja wangu alikataa katakata kukata mgomba wake wa matoke, na nilimwelewa. Tulihamisha kamera.

Ukungu ukiwa sawasawa picha nzima, tatizo liko kwenye kioo chenyewe. Mavumbi mekundu ya barabara ya murramu, alama za vidole, matone yaliyokauka, yote huwaka yakipigwa na infraredi hata kama mchana huyaoni. Puliza vumbi kwanza, kisha futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Ukianza kusugua vumbi likiwa kavu utachora mikwaruzo, na mkwaruzo hauoshwi. Angalia pia kama ile karatasi nyembamba ya kiwandani bado imebandikwa. Nimezikuta kamera zenye miaka miwili zikiwa bado zimevaa karatasi yao.

Kamera za kuba zina ugonjwa wao wa pekee. Lenzi na taa vyote viko nyuma ya plastiki moja, na kuna pete ya povu jeusi au mpira inayoizunguka lenzi ikigusa plastiki ile ili mwanga wa taa usipenye ndani kuifikia lenzi. Fundi akifungua kuba kurekebisha mwelekeo na kulifunga vibaya, pete inaachia nafasi, na usiku unaona duara jeupe katikati ya picha. Fungua, ikalishe pete, funga. Ukitaka maoni yangu, nje ya nyumba usifunge kuba kabisa. Kamera ndefu yenye umbo la tochi, au ile ya jicho la duara ambayo taa na lenzi vina vioo mbalimbali, haitakusumbua sana.

Na usiifunge kamera ndani ya dirisha ikitazama nje. Kioo hurudisha sehemu ya mwanga, na sehemu hiyo ndogo inatosha kukuonyesha sura ya kamera yenyewe usiku kucha. Ikilazimu, zima taa zake kwenye menyu na uweke taa ya infraredi nje.

Hatua ya 3: Wadudu, na anayewala wadudu

Wanaotega senene kule Masaka huwasha taa kali mbele ya mabati, na senene wanakuja wenyewe. Watu wengi wamejitengenezea mtego huohuo bila kujua: balbu nyeupe ya ulinzi imefungwa sentimita 30 kutoka kwenye kamera. Mwezi wa 11 na 12, na tena mwezi wa 4 na 5, hiyo kamera haionyeshi kitu ila mabawa. Baada ya mvua huja kumbikumbi. Wa Entebbe na kandokando ya Ziwa Victoria wana vile vijidudu vinavyopanda kutoka majini kama moshi.

Infraredi yenyewe wadudu wengi hawaioni. Kinachowaleta ni mwanga tunaouona sisi. Kwa hiyo ihamishe balbu iende mita 3 au zaidi mbali na kamera, ikiangaza eneo lilelile kutoka upande mwingine. Wadudu watakusanyika kwenye balbu na kamera itapata mwanga wa bure. Balbu ya manjano huvuta wadudu wachache kuliko nyeupe yenye ubluu.

Buibui yeye anafuata chakula na kijumba chenye joto, na kamera ni vyote viwili. Dawa ya kupuliza ukutani kuizunguka kamera husaidia wiki chache, ila usiipulize kwenye kioo. Watu hupaka mafuta ya taa au grisi kwenye mkono wa kamera. Inafanya kazi mpaka vumbi ligande juu yake. Mimi hununua ufagio laini wa kuondolea utando, ule wenye mpini mrefu, namkabidhi askari wa usiku: kila Jumamosi jioni, apitishe mara moja mbele ya kila kamera. Kazi ya dakika tano kwa ua mzima.

Hatua ya 4: Kamera inayozimika giza likiingia

Mchana kutwa kamera iko sawa. Saa moja usiku inakatika, inarudi, inakatika. Wengine husema imerogwa. Imenyimwa umeme.

Fuata hesabu hii taratibu, ni ya pesa zako. Kamera ya volti 12 mchana inaweza kula ampea 0.15. Taa zikiwaka inaruka mpaka 0.4 au zaidi. Waya mmoja wa kebo ya kawaida ya mtandao, ikiwa ni shaba halisi, una ukinzani wa karibu omu 8.4 kwa kila mita 100. Kutoka kwenye adapta mpaka kwenye geti ni mita 60, na umeme unakwenda na kurudi, jumla mita 120: karibu omu 10. Mchana unapoteza volti 1.5 njiani, kamera inapata 10.5 na inavumilia. Usiku unapoteza volti 4, inapata 8, inazima. Ikizima, taa zinazima, volti zinapanda, inawaka, taa zinawaka, volti zinaanguka. Ndio uchawi wenyewe.

Na hiyo ni shaba. Kebo nyingi za bei ya chini ni aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake ni karibu mara moja na nusu. Kwangua waya kwa kisu. Ukiona weupe kama wa sufuria chini ya wekundu, umeshajua ulichouziwa.

Usinunue kamera mpya kabla hujapima. Weka mita ya volti kwenye plagi ya kamera, kamera ikiwa imeunganishwa na taa zake zinawaka. Ukipima kebo ikiwa haina mzigo utasoma 12 na utarudi nyumbani bila jibu. Ukikuta chini ya 11, anza kutengeneza.

Njia rahisi kuliko zote ni kutumia jozi mbili za waya badala ya moja ndani ya kebo hiyohiyo: ukinzani unakatika nusu, na kwenye mfano wetu kamera inapata volti 10. Bora zaidi, isogeze adapta iwe karibu na kamera, kwenye chumba cha askari kwa mfano, ndani ya kisanduku kisichoingia maji. Au vuta waya mnene wa umeme kwa ajili ya volti peke yake. Kuna wanaopachika adapta ya volti kubwa zaidi kufidia kinachopotea njiani. Inafanya kazi usiku, na mchana, mzigo ukipungua, kamera inapokea volti nyingi na kuungua. Acha.

Kama ndiyo kwanza unajenga, weka kamera za mtandao zinazopewa umeme kwa PoE, yaani umeme unaopita ndani ya kebo ileile ya mtandao. Hizo husafirisha karibu volti 48, kwa hiyo ampea ni chache na upotevu ni mdogo, mpaka mita 100. Uhakikishe ni PoE ya kweli. Kuna vijikebo vya kugawanya ambavyo hupitisha volti 12 zilezile na kujiita jina hilo.

Na umeme wa mtaa ukikatika? Piga hesabu ya usiku, usipige ya mchana. Kamera nne za wati 6 taa zikiwaka ni wati 24, ongeza mashine ya kurekodi na diski yake, tuseme wati 20. Kwa saa 12 ni kama wati-saa 530. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ya risasi, ukiitumia nusu ili isife mapema, inakupa 600. Inatosha, kwa kubanabana. Wenye sola tayari waziunganishe kamera huko moja kwa moja.

Hatua ya 5: Chagua unataka kuona nini

Hajji mmoja mwenye stoo ya mahindi aliniambia, "Fundi, nataka kamera moja ione ua wote na sura ya kila mtu." Nikamjibu, "Hajji, hapo unataka kamera mbili."

Viwango vya kimataifa vya kamera za ulinzi, IEC 62676-4 vya mwaka 2014, vilisema ili kumtambua mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha. Kumtambua unayemjua, 125. Kujua tu kwamba kuna mtu, 25. Kamera ya pikseli 1920 kwa upana, ukigawa kwa 250, inakupa upana wa mita 7.7 basi. Kwa lenzi ya milimita 2.8, ile pana inayokuja na kamera nyingi, upana huo unafikiwa mtu akiwa takriban mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Kwa milimita 6 ni kama mita 8. Kwa milimita 12, mita 16 hivi. Na hizo ni hesabu za mchana. Usiku picha ina chenga, kata zaidi.

Kwa hiyo lenzi pana iangalie ua, na lenzi nyembamba ikae getini au mlangoni, mahali ambapo kila mtu hana budi kupita. Iwe kimo cha mita 2.5 hadi 3. Ukiipandisha mita 5 kwa kuogopa isiibwe, utakuwa na mkusanyiko mzuri wa picha za kofia.

Ukinunua kamera mpya, soma herufi F kwenye lenzi kabla ya kusoma megapikseli. Lenzi ya F1.0 huingiza mwanga mara nne ya F2.0. Sensa kubwa, 1/1.8 badala ya 1/2.8, nayo husaidia sana. Megapikseli nane kwenye sensa ndogo gizani ni chenga nane.

Hatua ya 6: Fokasi

Infraredi haikutani pale pale mwanga wa kawaida unapokutania nyuma ya lenzi. Kamera yenye lenzi ya kuzungusha kwa mkono, isiyosahihishwa kwa infraredi, ukiifokasi mchana itakuwa na ukungu usiku. Ifokasi usiku, taa zake zikiwaka, mtu amesimama umbali unaoutaka akiwa ameshika kibao chenye maandishi makubwa. Zungusha mpaka maandishi yasomeke, kaza skrubu, angalia tena baada ya kukaza kwa sababu huteleza.

Hatua ya 7: Menyu

Kitu kimoja ndicho cha kushughulika nacho sana: shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha. Mtu anayekimbia mita 5 kwa sekunde, kwa shata ya 1/25 ya sekunde, anasogea sentimita 20 kabla picha haijafungwa. Uso wa mtu hauna upana huo. Ndiyo maana mwizi anayekimbia huonekana kama moshi, wakati ua uliotulia unaonekana umepigwa na mpiga picha wa harusi. Ikiwa mwanga unatosha weka 1/50, au 1/100 kwenye kamera ya getini iliyo karibu. Zima kabisa ile hali ya shata ya polepole inayoruhusu 1/12 na chini yake, hata kama muuzaji anaisifia kwamba usiku unageuka mchana.

Kinachoongeza nguvu ya picha (gain) huongeza pia chenga. Kiwekee kikomo cha katikati. Kipunguza chenga usikipandishe mpaka mwisho, kwani kitu kinachosogea kitaacha mzimu nyuma yake. Washa ile inayopunguza taa mtu akikaribia, ili uso usiwe sahani nyeupe. WDR, ile inayosawazisha sehemu zenye mwanga mkali na zenye kivuli, izime usiku.

Kama picha inarukaruka kati ya rangi na nyeusi-nyeupe kila sekunde chache, kamera inadanganywa na mwanga wake unaorudi. Rudi Hatua ya 2. Ukishindwa, weka ratiba: usiku uanze saa moja jioni, uishe saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mashine itataka uandike 19:00 na 06:30.

Chenga pia hula diski, maana mashine huziona kama mwendo. Ukishaondoa utando na kushusha nguvu ya picha, diski iliyokuwa inajaa kwa siku sita inaweza kukufikisha mbali zaidi.

Namba za magari na boda boda hazipatikani kwa kamera ya kawaida ya ua. Kibao cha namba hurudisha mwanga mno na kugeuka mraba mweupe. Tenga kamera moja kwa ajili hiyo tu, lenzi ndefu, shata 1/500 hadi 1/1000. Picha yote itakuwa nyeusi isipokuwa kibao. Ni sawa.

Hatua ya 8: Taa ya pembeni

Ukishafanya yote na bado mbali ni giza, nunua taa ya infraredi inayojitegemea. Ifunge mita 1 au 2 mbali na kamera, isikae juu yake. Ikiwa mbali, wadudu na vumbi lililo mbele ya lenzi havipigwi nayo, na unaweza kuzima taa za kamera zenyewe. Hapo hata buibui akirudi hatawaka. Angalia nyuzi zake zilingane na lenzi. Taa ya nyuzi 30 mbele ya lenzi ya nyuzi 100 itakupa duara jeupe katikati na usiku pande zote.

Kamera za kisasa zenye taa nyeupe ya kuonyesha rangi usiku ni nzuri mlangoni. Kumbuka senene.

Matembezi

Sasa mpe mtu wako kofia, mwambie aingie kama mwizi: pembezoni mwa ukuta, ameinama, kisha akimbie. Wewe usimtazame moja kwa moja kwenye skrini. Ngoja amalize, fungua rekodi, na umwonyeshe mtu asiyemjua. Akisema "ni yule pale," umemaliza. Rudia mvua ikinyesha, kwa sababu lami iliyolowa hutupa mwanga mbele badala ya kuurudisha, na ua uliouona jana utakuwa shimo.

Wakati wa matembezi hayo mwombe avae shati jeusi. Vitambaa vingi vyeusi, hasa vya nailoni na polyester, rangi yake haizuii infraredi, na kwenye rekodi vitaonekana vya kijivu au vyeupe kabisa. Nimewahi kukaa kituoni na mteja akiapa kwamba mwizi alivaa jaketi jeupe, kumbe kijana aliyekamatwa na mali alikuwa na jeusi, na karibu aachiwe. Ukipeleka rekodi ya usiku polisi, zungumzia umbo, mwendo, viatu na mzigo. Rangi iache.

Angalia pia picha yako isiingie ua wa jirani. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kamera inayorekodi chumba cha mtu mwingine itakuletea kesi kabla haijakuletea mwizi. Ziba sehemu hiyo kwenye menyu, na bandika kibao getini kwamba pana kamera.

Halafu itazame saa ya mashine. Umeme ukikatika mara kwa mara na kile kibetri cha duara ndani ya mashine kikiwa kimekufa, tarehe inarudi nyuma miaka mingi na rekodi yako inakuwa ya mwaka ambao duka lilikuwa halijajengwa. Na ukiandika maelezo kituoni, 03:15 ya kwenye skrini ni saa tisa na robo usiku. Yameshawahi kuandikwa saa tatu na robo, na mtuhumiwa akaleta mashahidi sita waliokuwa naye wakati huo wakila chakula cha jioni.